Bodi ya saketi kwa pasi: angalia shaba kwanza

Njia yangu ya kutengeneza bodi nyumbani ni hii: nachapa mchoro wa saketi kwa printa ya leza, naubandika kwenye bodi yenye shaba kwa joto la pasi, kisha dawa inakula shaba yote isiyofunikwa na tona. Wengi wanaoniletea bodi iliyoharibika huilaumu pasi, eti haikupata moto. Mimi huielekeza bodi kwenye mwanga, na mara nyingi naikuta alama ya kidole gumba pale pale njia, yaani mistari ya shaba inayopitisha umeme, zilipokatika.

Tona ya printa ya leza si wino. Ni unga wa plastiki wenye rangi nyeusi. Ukipata joto huyeyuka, ukikutana na shaba safi huing'ang'ania. Ndiyo maana printa ya wino wa maji haifai kabisa hapa. Mafuta ya ngozi yakikaa katikati, plastiki haina pa kushika. Kwa hiyo nasugua shaba kwa msasa laini na maji, kwa urefu kisha kwa upana, hadi maji yatandae juu yake bila kujikusanya matone. Naikausha, naifuta kwa asetoni, na kuanzia hapo naishika kingoni tu.

Karatasi yangu ni kurasa za majarida zinazong'aa. Ule mng'ao ni tabaka la udongo mweupe, nalo ndilo linaloachia tona karatasi ikilowa.

Kuhusu kugeuza picha kama kwenye kioo kabla ya kuchapa, hapa nimeona machozi. Kama umechora saketi ukiitazama kutoka upande wa vifaa, shaba ya chini ichape kama ilivyo, usiigeuze, kwa sababu kule kubandika ndiko kunakogeuza. Niliwahi kugeuza mara mbili nikiwa najifunza: IC ya 555, chipu ndogo yenye miguu minane, ikawa na mguu wa 1 mahali pa mguu wa 8. Niliiokoa kwa kuilehemu upande wa shaba. Tangu siku hiyo naandika neno moja kwenye mchoro, ndani ya shaba; likisomeka sawasawa juu ya bodi, nina amani.

Pasi iwe kwenye moto wa juu, bila mvuke. Kandamiza dakika 3 hadi 5, usisugue kama unanyoosha shati, na pembe usizisahau. Kisha loweka, na usibandue karatasi kwa nguvu. Ilainike yenyewe, uiondoe kwa kidole na mswaki wa zamani. Nyuzi zikibaki kati ya njia mbili, shaba iliyo chini yake haitalika. Palipopauka namalizia kwa maka peni. Njia zenye upana chini ya milimita 0.5 sipendi kuzifanya kwa mkono.

Feri kloraidi, ile dawa inayokula shaba, iwe kwenye chombo cha plastiki, kamwe si sufuria. Ikiwa ya uvuguvugu na ukiitikisa taratibu, shaba ya kawaida ya mikroni 35 huisha kwa takribani dakika 20. Vaa glovu, fungua madirisha.

Na tafadhali, usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Shaba iliyoyeyuka humo inaua samaki. Dawa yangu iliyochoka iko kwenye dumu kona ya karakana, nimeandika SUMU kwa herufi kubwa, mbali na watoto.