Jicho jekundu likitoa tongotongo, ndo bakteria?

Mwanangu alirudi skuli hapa Chake jicho moja jekundu kama ubuyu, asubuhi yake kope zimegandana mpaka nikazilainisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, tongotongo la manjano limejaa pembeni. Nikasema hii bakteria, nikakimbilia duka la dawa kununua matone ya antibaiotiki. Miaka yote nimeamini hivyo, tongotongo ni usaha na usaha ni bakteria, kumbe sivyo.

Macho mekundu yanayozagaa mtaa mzima mara nyingi ni virusi, hasa adenovirusi. Wapo wengine pia, wale wa mlipuko wa Ghana 1969, mwaka wa Apollo 11 kutua mwezini, ndo maradhi yakaitwa Apollo.

Tongotongo lenyewe ni ute, machozi yaliyokauka, seli zilizokufa na chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana. Mchana kope zinapepesa zinafagia, usiku umelala hakuna wa kufagia, linaganda. Virusi peke yake vinatosha kulileta.

Na ukipangusa jicho ukapeleka maabara bakteria watapatikana kweli, hapo ndo nilipopotea. Wapo hata kwenye jicho lisiloumwa, kina stafilokokasi na korinebakteria, ila wachache, maana machozi yana laisozaimu inayopasua kuta za bakteria wengi, Alexander Fleming aliieleza 1922.

Chukulia nyumba ya Mji Mkongwe, wazee wako barazani kila jioni wanacheza bao, ndani hawaingii. Mwizi kapita dirishani kajifungia chumbani, huyo ndo kirusi, anaingia ndani ya seli na kuzaliana humohumo. Sasa ukiwakamata wa barazani kwa vile ndo unaowaona, mwizi bado yumo ndani. Antibaiotiki inafagia baraza tu, mwizi hata ikimfikia haimdhuru, maana inalenga viungo vya bakteria ambavyo kirusi hana. Tena wale wazee wana faida yao, kwa panya wa maabara korinebakteria mmoja wa machoni kaonekana anaamsha kinga ya jicho, lakini hao ni panya, tusikimbilie kusema na sisi ni vivyo hivyo.

Bakteria wanaotia jicho maradhi wapo pia, usaha mzito unafuta unarudi mchana kutwa, hapo dawa inasaidia. Ukiona ukungu, maumivu makali, mwanga unachoma, au ni mtoto mchanga, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wangu siku ya tatu jicho la pili likafuata, matone anatiwa vilevile. Nikaacha, nikamtengea taulo lake, maana adenovirusi hudumu kwenye kitu kikavu hata wiki kadhaa, na siku ya kumi macho yote mawili yakawa meupe.