Je, wajua kwa nini paka aliyelamba kulanti hutundikiwa dripu ya pombe?

Desemba huko Kanada au kaskazini mwa Marekani, maji matupu kwenye rejeta huganda, yakatanuka na kupasua injini. Kwa hiyo madereva huyachanganya na kulanti. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huvumilia baridi ya nyuzi kama 37 chini ya sifuri, na aghalabu kinachofanya kazi hiyo ni kemikali iitwayo ethilini glaikoli.

Ikidondoka gerejini, mbwa huilamba kwa kuwa ni tamu. Wengi husema hivyohivyo kuhusu paka, lakini hapo si kweli: paka haonji utamu wa sukari hata kidogo, kwani jeni ya kuuhisi imeharibika, jambo ambalo watafiti walilionyesha mwaka 2005. Yeye huweza kuikanyaga kisha akajilamba miguu, au kuinywa kwa kiu tu. Hata ndani ya nyumba haiko mbali, maana baadhi ya yale mapambo ya Krismasi ya kioo, yanayotikiswa theluji ya bandia ikaanguka, yana kimiminika hichohicho. Paka wa kilo 4 anaweza kuuawa na mililita 6 hivi, kijiko kimoja cha chai na ushee.

Sasa, ethilini glaikoli yenyewe hulevya zaidi kuliko inavyoua. Balaa huanzia kwenye ini. Humo mna kimeng'enya cha kuvunja pombe, nacho huivamia glaikoli na kuigeuza hatua kwa hatua kuwa asidi. Asidi hizo huvuruga damu, na ya mwisho, asidi ya oksaliki, hushikana na kalisi ikawa fuwele zinazoharibu mirija ya figo.

Kimeng'enya hicho, hata hivyo, huipenda zaidi ethanoli, pombe ileile iliyomo kwenye bia na vodka. Daktari wa mifugo akiipitisha mshipani, kimeng'enya hushughulika nayo na kuiacha glaikoli, ambayo huendelea kutoka kwa mkojo kabla haijageuka sumu. Mwaka 2017 huko Brisbane, Australia, madaktari wa RSPCA, shirika la kutetea wanyama, walimwokoa mtoto wa paka kwa dripu ya vodka, baada ya kushuku kuwa amelamba maji ya breki yenye kemikali hiyo. Ipo pia dawa ya fomepizoli, inayokizuia kimeng'enya bila kumlewesha mnyama, ila bei yake si ya mchezo.

Yote haya ni mbio na saa. Paka anatakiwa aanze tiba ndani ya saa 3 hivi, mbwa ndani ya 8. Mbwa ndiye mdanganyifu zaidi: huyumba na kutapika, kisha huonekana amepata nafuu, mwenye mbwa akashusha pumzi na kurudi kwenye pilau yake, huku figo zikiharibika. Fuwele zikishajaa, pombe haisaidii tena.

Kwetu hakuna theluji, lakini kulanti ya zamani humwagwa chini kwenye gereji nyingi za mtaani. Na usijaribu kumnywesha paka konyagi nyumbani: kipimo kikizidi kidogo tu, pombe yenyewe inaweza kumzuia kupumua. Mkimbize kwa daktari, na chupa ya kulanti uende nayo.