Umeme mdogo umeunguza mota yako? Kesi inaanzia kwenye daftari

Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga na kukoboa alifika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria akiwa na mfuko wa salfeti mkononi. Akaumimina mezani. Zikatoka nyaya za shaba zilizoungua mpaka zikawa nyeusi, na harufu ya vanishi iliyoungua ikatanda chumba kizima. "Mwanangu, mota hii nimeisuka mara tatu mwaka huu," akasema. "Ikifika jioni umeme unakuja mdogo, kinu kinanguruma tu, hakisagi. Safari hii nakwenda mahakamani."

Nikampa pole, kisha nikaanza kumuuliza. Jioni hiyo umeme ulikuwa voti ngapi? Aliripoti siku gani, na alipewa namba gani ya taarifa? Fundi aliyeisuka mota aliandika nini kuhusu kilichoiunguza? Siku mashine iliposimama, magunia mangapi yaliondoka bila kusagwa? Hakuwa na karatasi ya kujibu hata swali moja. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Ila mwamuzi hatoi fidia kwa kumwonea mtu huruma, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema anayedai ndiye anayethibitisha. Makala hii nawaandikia wenye mashine, karakana za kuchomelea, viwanda vidogo na vyumba vya baridi hapa Tanzania Bara, ili siku wakija kudai waje na zaidi ya shaba iliyoungua.

Tujue kwanza tunalalamikia nini

Matatizo ya umeme tumezoea kuyatia kapu moja, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanza kulegea. Mgao ni jambo moja: umeme unaozalishwa hautoshelezi mahitaji, kama ilivyotokea mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Kumdai mtoa huduma fidia ya mgao ni kupanda mlima, kwa kuwa atakuja na takwimu za kina cha maji mabwawani na mitambo iliyo kwenye matengenezo. Kukatwa umeme kwa matengenezo yaliyotangazwa nako ni vigumu kukudaia fidia. Umeme mdogo ni habari nyingine kabisa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha Februari 2024, na bwawa hilo lilijengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo megawati za Rufiji hazifiki kwenye kinu chako kama transfoma ya mtaani imezidiwa, laini ni ndefu na waya wake ni mwembamba, maungio yamelegea, au fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi kuliko fezi nyingine. Kasoro hizo zina mahali zilipo, zinapimika, na zina mtu ambaye ni kazi yake kuzirekebisha.

Chukua mfano. Mota ya kinu ya kilowati 22, ile mafundi wanayoiita ya hosipawa 30, ikifanya kazi kwa uzito wake wote huvuta karibu kVA 29, kipimo kinachotumika pia kutaja uwezo wa transfoma. Vinu viwili vya namna hiyo vikiwashwa pamoja vinakaribia kVA 58. Vikiwa vimefungwa kwenye transfoma ya kVA 50, tena yenye nyumba za watu, hapahitajiki mtaalamu kueleza kwa nini taa zinafifia saa moja jioni watu wanapowasha majiko na televisheni.

Umeme wetu wa njia tatu ni voti 400 kati ya fezi na fezi, na wa njia moja ni voti 230. Viwango vinaruhusu voti kupanda na kushuka kidogo. Tuseme kwako zimeshuka kutoka 400 hadi 320, yaani asilimia 80. Nguvu ya mota ya kuzungusha haishuki kwa asilimia 20 peke yake, kwani inafuata mraba wa voti: inabaki asilimia 64. Kinu kinanguruma. Ili kufanya kazi ileile, mota inalazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi kwa takriban robo, na joto ndani ya nyaya zake linaongezeka kwa zaidi ya nusu. Vanishi inayotenganisha waya na waya inakauka, inapasuka, na siku moja mota inatoa moshi.

Mota iliyoungua ni shahidi, usiikabidhi bure

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapopotelea. Mota ikiungua, mtu mwenye haraka ya kurudi kazini anaipeleka kwa fundi, shaba kuukuu inauzwa kwa kilo, na jioni mota mpya inazunguka. Ushahidi umekwenda na mnunuzi wa chuma chakavu.

Fundi akifungua mota, kabla hajakata waya hata mmoja, piga picha koili zote zikiwa mahali pake. Rangi ya kuungua inasema mengi. Fezi moja ikikatika wakati mota inazunguka, baadhi ya koili huungua na nyingine hubaki safi. Zipi zinaungua inategemea koili zimeungwa kwa nyota au kwa delta, namna mbili ambazo mafundi huziunganisha. Zikiwa zimekuwa nyeusi zote tatu kwa usawa, mota imefanya kazi ikiwa imezidiwa kwa muda mrefu. Lakini angalia: koili zote kuwa nyeusi kunaweza kusababishwa na umeme mdogo, na kunaweza pia kusababishwa na wewe kulisha kinu mahindi kupita uwezo wake au beringi iliyokwama. Wakili wa upande wa pili atalisema hilo kabla hujamaliza kukaa. Picha ya mota haijitoshelezi. Inahitaji kusimama pamoja na vipimo vya voti vya siku na saa hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Nunua kipima voti, au mwombe fundi wako akufungie mita ya voti kwenye bodi ya mashine. Gharama yake hailingani kabisa na ya kusuka mota. Pima asubuhi, mchana na jioni, fezi zote tatu, kila moja na mwenzake, mashine ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Andika tarehe, saa na tarakimu, kisha piga picha skrini ya kipima voti pembeni ya simu inayoonyesha saa. Wiki mbili za kumbukumbu za aina hiyo zina uzito kuliko barua kumi zinazosema "umeme wetu ni mbovu". Ukiweza, mpe jirani mwenye mashine kwenye transfoma ileile daftari lake. Voti zikishuka kwenu nyote saa ileile, hoja kwamba tatizo liko ndani ya jengo lako inakufa.

Kila umeme ukishuka, ripoti, hata kama umechoka kuripoti. Andika namba ya taarifa, na mafundi wakija waombe waandike walichopima. Baada ya taarifa mbili tatu za simu, peleka barua ofisini na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba mtoa huduma alijua na alikuwa na muda wa kurekebisha.

Barua hiyo ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale, na kwa sadfa ilihusu kinu. Mhimili wa kinu kimoja cha Gloucester ulivunjika, ukakabidhiwa kwa wasafirishaji ili upelekwe Greenwich kutengenezewa mwingine, nao wakauchelewesha. Kinu kikakaa siku kadhaa bila kusaga. Mwenye kinu alidai faida aliyoikosa, akashindwa, kwa kuwa wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kwamba bila mhimili ule kinu kizima kingesimama. Kanuni hiyo imo kwenye sheria yetu, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: fidia ni kwa hasara inayotokea katika hali ya kawaida baada ya mkataba kuvunjwa, au ile ambayo pande zote zilijua tangu zinapoingia mkataba kwamba ingeweza kutokea. Kwa hiyo unapojaza fomu ya kuomba umeme wa njia tatu, usiandike "biashara" ukaishia hapo. Taja mashine, kilowati zake, saa za kazi, na kwamba ikisimama huna kazi nyingine. Kama uliunganishiwa zamani, liandike hilo kwenye barua yako ya sasa.

Hasara inayohesabika

Uingereza kuna kesi nyingine ambayo wanasheria huipenda kwa sababu inahusu umeme wenyewe. Kiwanda cha kuyeyusha chuma cha Birmingham, Spartan Steel, kilikosa umeme kwa saa 14 na nusu baada ya wafanyakazi wa mkandarasi kukata kebo. Chuma kilichokuwa tanuruni kikaharibika, hasara ya pauni 368, na faida ambayo kingeleta ilikuwa pauni 400. Kiwanda kikadai pia pauni 1,767 za faida ya mizunguko mingine minne ya chuma ambayo ingeyeyushwa umeme usingekatika. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya huko ilikubali zile mbili za kwanza na kuikataa ya tatu. Mdaiwa pale alikuwa mkandarasi asiye na mkataba na kiwanda, kwa hiyo si kipimo kamili cha mteja na mtoa huduma wake. Hata hivyo inakuonyesha jicho la mwamuzi linaanzia wapi: kwenye kitu kilichoharibika. Faida ambayo ingepatikana ndiyo inayoulizwa maswali mengi.

Weka risiti ya EFD ya kusuka mota, ya beringi, ya dizeli ya jenereta uliyoikodi ili usipoteze wateja. Gharama ya kupunguza hasara inadaika, na mwamuzi atakuuliza ulifanya nini ulipoona umeme umekuwa mdogo. Ukijibu kwamba uliendelea kuwasha mota kwenye voti 310 mpaka ikaungua, umejiharibia. Atakuuliza pia kama mota ilikuwa na ovalodi, yaani kifaa cha kuizima ikizidiwa mzigo, na kifaa cha kuizima fezi ikikosekana, na nani alikufungia. Hakikisha ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za umeme.

Kuhusu faida iliyopotea, risiti zako za LUKU ni hazina. Uniti ulizonunua miezi sita kabla ya tatizo na miezi sita baada yake, zikiwekwa sambamba na daftari la magunia, zinaonyesha kazi ilivyoshuka. Ila hesabu hizo zilingane na ulichoiambia TRA. Nimeona mtu akidai faida ya mwezi mmoja iliyo kubwa kuliko mauzo ya mwaka mzima aliyotangaza kwenye kodi. Dai lake lilikwama palepale, naye akabaki na tatizo la pili.

Usiache kulipa bili kwa hasira. Utakatiwa umeme na kudaiwa wewe. Wala usimwite kishoka, fundi wa mitaani asiye na kibali, akuhamishie fezi usiku kwenye nguzo. Siku mita yako ikikutwa imeguswa, lalamiko lote linakugeukia.

Wapi pa kwenda

Mtoa huduma lazima apewe nafasi ya kwanza ya kujibu. Asipokuridhisha, mlango ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo ina makao makuu Dodoma na ofisi za kanda. Mamlaka hulipeleka lalamiko kwa mtoa huduma ili alijibu, hujaribu kuwasuluhisha, na suluhu ikishindikana husikiliza pande zote na kutoa uamuzi. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani, na muda wa rufaa ni mfupi, hivyo usikae na nakala ya uamuzi kabatini. Usiyejua pa kuanzia, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili yako. Walio Zanzibar wanakwenda ZURA.

Yule mama alitaka mahakamani moja kwa moja. Nilimweleza kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, kulishtaki shirika la umma kama TANESCO kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mwenye kinu kimoja, huo ni mzigo. Isitoshe, mahakama inaweza kumuuliza kwa nini hakuanzia kwenye chombo kilichowekwa kwa ajili ya malalamiko kama lake.

Unapoandika lalamiko, usiombe fedha peke yake. Omba amri ya kurekebisha: transfoma kubwa zaidi, waya mnene, au kugawanya mzigo wa fezi upya, na uombe itajwe tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo. Fidia ya mota ya tatu haikulindi usiunguze ya nne. Na transfoma mpya ikishafungwa, rudi kwenye daftari lilelile, pima saa moja jioni, fezi zote tatu, kinu kikiwa kinasaga. Kama bado ni 320, hilo ni lalamiko jipya, na safari hii ushahidi unao tangu siku ya kwanza.