Je, wajua kwa nini kuinamisha picha kidogo tu huificha alama yake ya siri?

Ukiinua noti ya shilingi ya Uganda ukaielekeza kwenye mwanga, kichwa cha korongo taji hujitokeza ndani ya karatasi: hiyo ndiyo alama ya maji. Picha za kidijitali nazo hutiwa alama ya maji, ila yake haionekani kwa macho: kwa kufuata ufunguo wa siri, yaani orodha ya namba anayoijua mwenye picha, programu huongeza au kupunguza mwangaza wa kila pikseli (nukta ndogo inayoijenga picha) kwa kiasi kidogo mno, pengine ngazi mbili tu kati ya 256.

Tuseme mpiga picha wa Kampala ametia alama hiyo kwenye picha ya gorila wa Bwindi. Mtu anaipakua na kuipeleka kwa wapiga chapa wa barabara ya Nasser, linatoka bango. Mwingine analipiga bango hilo kwa simu iliyoinama nyuzi moja tu. Jicho haling'amui lolote, lakini katika picha yenye upana wa pikseli 4000, nyuzi hiyo moja husogeza ukingo wake kwa pikseli 35 hivi.

Alama haijafutika, programu inayoitafuta ndiyo iliyopotea njia. Kazi yake ni kulinganisha kila pikseli na ufunguo na kujumlisha matokeo, na pikseli zikihama, jumla hiyo huporomoka karibu na sifuri. Ni kama mwalimu aliyeruka mstari mmoja anaposoma maksi: majina yote yapo, maksi zote zipo, ila kila mtoto anapewa za mwenzake. Programu ya StirMark, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1997, iliudhihirisha udhaifu huo kwa kuvuta picha huku na huku kidogo kidogo tu.

Mwaka 1998 watafiti Joseph Ó Ruanaidh na Thierry Pun walieleza dawa ambayo kwangu ndiyo yenye werevu zaidi, yaani kuificha alama katika mawimbi yanayoijenga picha badala ya pikseli zenyewe. Hesabu ya mwanahisabati Fourier huigawa picha katika mawimbi, yaani mipigo ya mwanga na giza inayojirudia, na picha ikisogezwa pembeni nguvu za mawimbi hayo hubaki zilezile. Ikizungushwa, ramani ya nguvu hizo huzunguka nayo. Ikikuzwa, ramani husinyaa. Ramani hiyo ikichorwa upya kwa kufuata pembe na logi (logarithimu) ya umbali kutoka katikati, kuzunguka na kukua vyote hugeuka kuwa kusogea tu, na kusogea, kama tulivyoona, Fourier hakumsumbui.

Hata hivyo, bango lililopigwa kutoka upande mmoja halikuzungushwa wala kukuzwa tu: ubavu wa mbali huonekana mfupi kuliko wa karibu, na hesabu hiyo haikuundwa kwa upotoshaji wa namna hiyo. StegaStamp, mfumo uliotolewa mwaka 2020 na watafiti wa Berkeley, Marekani, hutumia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, iliyofunzwa kwa picha zilizopindwa na kutiwa ukungu makusudi, hata ikaweza kusoma ujumbe uliofichwa katika picha iliyochapwa kisha ikapigwa kwa simu.