Je, wajua kwa nini sindano moja ya ugonjwa wa akili inaweza kufanya kazi miezi 6?

Chukua mfano wa mgonjwa wa skizofrenia anayeishi Ukara na kuchomwa sindano ya mwezi Mwanza mjini. Kila mwezi ni boti hadi Ukerewe, halafu meli kutoka Nansio, na ndugu wa kumsindikiza naye anapoteza siku zake za kazi. Lazima familia iulize: hii sindano haiwezi kuchomwa mara chache zaidi?

Wengi hudhani ya muda mrefu ni dawa kali zaidi. Sivyo. Tofauti iko kwenye kasi ya dawa kutoka kwenye msuli.

Flufenazini, moja ya sindano za zamani, huchanganywa na mafuta ya ufuta. Naam, ufuta huuhuu (mwenye mzio nao aseme mapema). Dawa imeunganishwa na asidi ya mafuta, hivyo haina haraka ya kuyaacha mafuta hayo. Inatoka kidogokidogo, mwili unaitenganisha na asidi, nayo inaanza kazi. Wiki 2 hadi 4, inahitajika nyingine.

Paliperidoni palmiteti, sindano mpya zaidi yenye aina ya mwezi mmoja, ya miezi 3 na ya miezi 6, haina mafuta kabisa. Ni fuwele ndogo mno ndani ya maji, nazo huyeyuka kwa shida. Bonge la sukari guru huchelewa kuisha kwenye chai kuliko sukari ya kawaida; ndivyo fuwele za sindano ya miezi 3 zilivyo kubwa kuliko za mwezi mmoja. Ya miezi 6 ni dawa ileile ya miezi 3, ila nyingi zaidi: dozi kubwa ni mililita 5, kijiko kizima cha chai, na huchomwa takoni tu. Kabla ya kuchoma, nesi hutikisa bomba kwa nguvu sekunde 15, anapumzika kidogo, anatikisa tena 15. Asipofanya hivyo fuwele huweza kuziba sindano, dozi ikaingia pungufu.

Marekani iliidhinisha ya mwezi mwaka 2009, ya miezi 3 mwaka 2015 na ya miezi 6 mwaka 2021. Mgonjwa naye hupanda ngazi hizohizo: kwanza angalau miezi 4 ya sindano za mwezi. Sababu ni rahisi na inatisha kidogo: dawa ikishaingia msulini haitolewi. Ikimletea mtetemeko, atakaa nao hadi ipungue yenyewe.

Katika utafiti wa watu 702 kwa mwaka mmoja, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 7.5 ya waliotumia ya miezi 6, na asilimia 4.9 ya waliotumia ya miezi 3. Watafiti waliihesabu tofauti hiyo kuwa ndani ya kiwango kinachokubalika. Mimi hofu yangu iko kwingine: nesi anayemwona mtu kila mwezi humwona pia akinenepa, akinyamaza, akiacha kuoga. Nauli inayookolewa isimfute nesi huyo. Zahanati ya karibu inaweza kuyaangalia hayo bila sindano.

Na mvuvi wa dagaa anayehama kambi? Ya mwezi inaruhusu kuwahi au kuchelewa siku 7. Ya miezi 3, wiki 2. Ya miezi 6, kuwahi wiki 2 au kuchelewa wiki 3. Akipitiliza sana, huenda akarudishwa kwanza kwenye sindano za mwezi.