Ubao Unaonyesha Nne, Zinachezwa Saba: Elimu kwa Mashabiki kuhusu Saa ya Mwamuzi

Kila raundi ya ligi inapokwisha, hasa ikiwa na mechi iliyoamuliwa kwa bao moja la jioni kabisa, simu za sisi tunaofundisha waamuzi hapa Dar es Salaam hazipumziki. Mmoja anatuma kipande cha video cha sekunde kumi, mwingine anapiga picha kioo cha televisheni kinachosomeka 90+7, na swali ni lilelile: ubao ulionyesha dakika nne, hizi tatu kazitoa wapi? Nayapokea maswali haya kwa moyo mweupe, kwa sababu anayeuliza anaupenda mpira na ametoa nauli yake kwenda uwanja wa Kwa Mkapa au wa Chamazi. Lakini sehemu kubwa ya malalamiko tunayoletewa imejengwa juu ya sheria ambayo haipo, na ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Mwamuzi wa akiba, yule wa mezani, anapoinua ubao mwishoni mwa dakika ya 45 au ya 90, anatangaza muda wa chini kabisa wa nyongeza kama ulivyokadiriwa na mwamuzi wa kati. Wa chini kabisa. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu inamruhusu mwamuzi kuuongeza muda huo na inamkataza kuupunguza. Mchezaji akilala chini dakika ya 92, mabadiliko yakafanyika dakika ya 93, bao likafungwa na watu wakashangilia hadi kwenye mabango, dakika hizo nazo zinadaiwa. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, Uingereza na Iran zilionyeshwa dakika 10 za nyongeza kipindi cha pili, na penalti ya mwisho ya Iran ikafungwa dakika ya 90+13. Hakuna aliyeibiwa. Mwenye kosa ni mwamuzi aliyeonyesha nne akapuliza kipenga zikiwa tatu na nusu, na huyo tunaandika habari zake kwenye ripoti bila kusubiri shabiki atukumbushe.

Muda wenyewe unahesabiwaje? Mwamuzi wa kati huvaa saa mbili. Ya kwanza inawashwa kwa kipenga cha kuanza na haisimamishwi hadi kipindi kiishe. Ya pili inasimamishwa kila mchezo unaposimama kwa sababu zinazotambuliwa na sheria: mabadiliko ya wachezaji, kumhudumia au kumtoa majeruhi, kupoteza muda kwa makusudi, kadi, mapumziko ya kunywa maji, ukaguzi wa VAR, yaani waamuzi wa video, pale ilipo, ushangiliaji wa mabao, na jambo lolote lingine lililochelewesha mchezo kuanza tena. Tofauti ya saa hizo ndiyo inayompa makadirio. Mwamuzi wa akiba naye ana saa yake na karatasi ya kuandikia kila tukio na dakika yake, na waamuzi wasaidizi wanatakiwa wawe wamewasha za kwao kwa kipenga kilekile. Ikifika dakika ya 44 na ya 89, mwamuzi wa kati anamtajia mwenzake wa mezani idadi, kwa kifaa cha sikioni au kwa vidole. Asipomtaja, wa mezani anauliza. Ubao hauinuliwi kwa kubahatisha.

Niongeze jambo la Dar es Salaam yetu. Mechi ya saa kumi jioni mwezi Februari, jua likiwa bado kali na unyevu wa bahari umejaa, inaweza kuwa na mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu kwa kila kipindi. Hayo si yale ya kunywa maji tu, ambayo hayazidi dakika moja. Shabiki anayaona mapumziko hayo kwa macho yake, halafu anashangaa ubao ukionyesha sita.

Kuna kosa la saa ninalolijua kwa sababu nililifanya mimi. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kuchezesha, kwenye uwanja mmoja wa Temeke wenye mchanga. Niliwasha saa manahodha wakichagua upande, kisha nikashughulikia nyavu iliyokuwa imechanika, na sikuirudisha sifuri. Nikapuliza mapumziko dakika ya 43. Kocha wa timu iliyokuwa nyuma kwa bao moja alinionyesha saa yake wakati kipindi cha pili kimeshaanza, na nikaona njia rahisi: nizirudishe dakika zake mbili mwisho wa mchezo. Msaidizi wangu namba moja, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi, akanivuta pembeni akanikataza. Alikuwa sahihi. Sheria inasema wazi kwamba upungufu wa kipindi cha kwanza haufidiwi kwa kurefusha cha pili. Ningegundua wachezaji wakiwa bado uwanjani, ningewarudisha wamalizie dakika zao ndipo waende mapumziko. Baada ya kipindi cha pili kuanza, mlango umefungwa. Mchezo uliisha kwa bao lile moja. Niliandika kosa langu kwenye ripoti nikakaa nje raundi kadhaa, na wale vijana dakika zao mbili hawakuzipata mpaka leo. Ndiyo maana ninaposema tunalichukulia kosa la saa kwa uzito, sisemi kwa kusoma karatasi.

Hata wakubwa yamewakuta. Januari 12, 2022, kule Limbe nchini Cameroon, Mali ikiongoza 1-0 dhidi ya Tunisia kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mwamuzi alipuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85. Akaelezwa, mchezo ukaendelea, akapuliza tena sekunde chache kabla ya dakika 90 kutimia, bila hata dakika moja ya nyongeza. Baadaye iliamuliwa timu zirudi kumalizia, Mali wakarudi uwanjani, Tunisia wakakataa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikayapitia malalamiko ya Tunisia na matokeo yakabaki 1-0. Naomba wasomaji walitazame tukio lile kwa utulivu. Saa ilikosewa mchana kweupe mbele ya dunia, na bado matokeo hayakufutwa. VAR ilikuwepo kwenye mashindano yale, lakini haikuundwa kuhesabu dakika. Tangu ilipoingizwa kwenye sheria mwaka 2018, msingi wake ni mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Wanaotuandikia kwamba VAR ikiletwa kila uwanja kelele za dakika za nyongeza zitakwisha wanatarajia kitu ambacho chombo hicho hakikiahidi.

Kwa nini basi matokeo hayabadilishwi? Hapa ndipo uvumilivu wangu hupungua, kwa sababu kila msimu tunaeleza na kila msimu tunaulizwa "pointi zetu zinarudi lini". Sheria ya 5 inasema uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo, pamoja na kama bao limefungwa au la na matokeo ya mechi, ni wa mwisho. Mwamuzi anaweza kujisahihisha, au kusahihishwa na wenzake, ilimradi mchezo haujaanza tena na yeye hajapuliza mwisho wa kipindi na kuondoka uwanjani. Baada ya hapo, hata yeye mwenyewe akiiona video usiku akajuta, hana mamlaka ya kubadilisha.

Kosa la jicho ni tofauti na kosa la kutojua sheria. Mwamuzi aliyedhani mpira umegonga mkono, kumbe bega, amekosea kuona. Mwamuzi aliyeona kila kitu vizuri halafu akatoa adhabu ambayo sheria haiitambui amekosea sheria yenyewe. Mfano wa kosa hili la pili ni Septemba 2005, Uzbekistan ikicheza na Bahrain kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Uzbekistan ilikuwa mbele 1-0 ikapata penalti na kuifunga, lakini mchezaji wao mmoja aliingia ndani ya eneo kabla mpira haujapigwa. Penalti ilipaswa kurudiwa. Mwamuzi akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Uzbekistan wakalalamika, wakitaka wapewe ushindi mnono zaidi. FIFA ikafuta mchezo mzima na kuagiza urudiwe. Wakatoka 1-1, kisha 0-0 ugenini, na Bahrain ndiyo iliyosonga mbele kwa bao la ugenini. Aliyeshinda akalalamika, na malalamiko yake yakamtoa.

Kesi ya namna hiyo ni adimu mno. Wengi wanaotuletea video wanatuletea makosa ya jicho, na mengine si makosa kabisa. Chukua kuotea. Mshambuliaji anayekimbia mita nane kwa sekunde, katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, anasogea sentimita 80. Mshika kibendera anatakiwa ajue mpira umeondoka lini mguuni mwa mpigaji aliye mita 30 kutoka alipo, na papo hapo ajue bega la mshambuliaji liko wapi kulinganisha na beki wa pili kutoka mwisho, wote wakikimbia kuelekea pande tofauti. Wewe unasimamisha video na kuchora mstari kwa kidole kwenye picha iliyopigwa kwa pembe. Tukitumia kamera ya picha 50 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine mchezaji huyohuyo amesogea sentimita 16. Picha uliyosimamisha huenda si ile ya mpira kuondoka.

Najua nitaulizwa kuhusu Pretoria, Aprili 5, 2024. Shuti la Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns liligonga mtambaa panya likadunda chini, bao halikutolewa, jumla ya mechi mbili ikabaki 0-0 na Yanga wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Dar es Salaam haikulala. Mechi ile ilikuwa chini ya CAF na si kazi yangu kutoa hukumu hapa. Ninachoweza kueleza ni kipimo. Mpira una kipenyo cha takriban sentimita 22, na bao ni pale mpira wote unapovuka mstari wote. Sehemu ya mpira inayogusa ardhi ni ndogo, tumbo lake linatokeza sentimita 11 kila upande. Kwa hiyo mpira unaweza kudunda sentimita tano nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari, kila mtu akaona majani ya kijani katikati, na bado ukawa juu ya mstari kwa sentimita sita. Kwa kamera isiyokaa sawasawa na mstari wa goli, hakuna anayeweza kuapa. Teknolojia ya mstari wa goli, iliyoidhinishwa mwaka 2012, ipo kwa ajili ya swali hilohilo, lakini gharama yake ni kubwa na viwanja vingi vya bara letu havina.

Waamuzi wanaokosea wanaadhibiwa, hata kama tangazo lenyewe huwa fupi na watu hulipita. Kwa Ligi Kuu, ripoti ya mwamuzi, ya kamishna wa mchezo na ya mtathmini wa waamuzi hufika kwenye kamati ya uendeshaji na usimamizi wa ligi, ile mnayoiita Kamati ya Saa 72. Video nazo hutazamwa. Mwamuzi aliyeshindwa kutafsiri sheria anaweza kupewa onyo au kuondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa, na katika muda huo hana posho ya mchezo. Akirudi, anaanzia mechi ndogo. Tena anabaki na mtihani wa sheria na wa mbio, zikiwemo zile mbio 40 za mita 75 zenye mapumziko ya kutembea katikati. Akishindwa hapo, beji yake iko hatarini. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu neno "mnalindana" limenichosha. Sijawahi kuona mwamuzi aliyefungiwa akishangilia.

Neno "kanunuliwa" nalo lishughulikiwe linavyostahili. Kupanga matokeo ni jinai. Mwenye ushahidi wa fedha, ujumbe wa simu au mtu aliyetumwa aupeleke TFF, shirikisho letu la mpira, au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba ya bure 113. Kuandika jina la mwamuzi na picha ya watoto wake mtandaoni kwa sababu alikataa penalti si ushahidi wa chochote. Kumrushia chupa ya maji kunaiadhibu klabu yako, ambayo italipa faini kwa mkono wako.

Wachezaji wetu nao wana mchango kwenye dakika hizi mnazozigombania. Kuanzia msimu wa 2025/26, kipa akiushikilia mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, timu pinzani inapewa kona, na mwamuzi huinua mkono kuhesabu tano za mwisho kwa vidole. Zamani ilikuwa sekunde sita na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, ambao waamuzi wengi, nakiri, walikuwa hawautoi. Makocha wafundisheni makipa wenu. Shabiki, ukiona vidole vinahesabu, usidhani mwamuzi anaomba mabadiliko.

Anayelalamika rasmi kuhusu mchezo ni klabu, kwa maandishi na ndani ya muda uliowekwa na kanuni za ligi, siyo tawi wala kundi la WhatsApp. Ukitaka kumsaidia katibu wa klabu yako, mwandikie dakika ya tukio kwa saa ya mchezo, mchezo ulivyosimama na ulivyoanzishwa tena, kipenga kilipulizwa kabla au baada, na mwamuzi wa akiba alikuwa ameonyesha ngapi. Video ianze walau nusu dakika kabla ya tukio na isikatwe. Kinachotusumbua zaidi mezani ni kipande kinachoanzia pale mchezaji ameshaanguka.

Mwandishi ni mkufunzi wa waamuzi wa mpira wa miguu, Dar es Salaam.