Je, wajua kwa nini Python hugeuza “kikombe” kuwa “ombe”?

Mtu akiiagiza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, iondoe “ki” mwanzoni mwa neno “kitabu” kwa kitendakazi (amri yenye jina lake) kiitwacho lstrip, hupata “tabu”. Kwa “kijiko” hupata “jiko”. Kwa “kikombe”, hata hivyo, jibu si “kombe” bali “ombe”. Kwa “kikapu” ni “apu”, na kwa “kiini” ni “ni”. Programu haisimami wala haitoi onyo lolote.

Nilipokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza, nikiwa natenganisha viambishi vya ngeli katika orodha ya nomino, niliamini kwamba nimegundua hitilafu, na kwamba wenye Python wangepaswa tu kuirekebisha lstrip. Nilikosea mara mbili. Kwanza, lstrip haikuwa na hitilafu. Pili, hata watunzaji wa Python waliokubali kwamba inawapotosha watu wengi hawakuigusa. Mwaka 2020 waliongeza vitendakazi viwili vipya pembeni yake, removeprefix cha kuondoa kiambishi cha mwanzoni na removesuffix cha kuondoa cha mwishoni. Kuelewa kwa nini walichagua njia hiyo ni kuelewa jinsi kipengele kipya kinavyoingia katika programu huria inayotumiwa na watu wengi.

Tuanze na kosa la kwanza, kwa kuwa ndilo linalowanasa wengi. Tunapoandika “ki” ndani ya mabano ya lstrip, yaani lstrip(“ki”), sisi tunasoma kiambishi kimoja chenye herufi mbili zilizoshikana. Lstrip haisomi hivyo. Yenyewe husoma orodha ya herufi zilizokataliwa, yaani k na i, bila kujali ipi imetangulia na ipi imefuata. Tuwaze foleni ya watu mlangoni, na mlinzi aliyepewa karatasi yenye majina mawili. Humwita aliye mbele; jina lake likiwa kwenye karatasi, humwondoa, kisha humwita anayefuata. Hurudia hivyo mpaka akutane na mtu ambaye jina lake halimo, na hapo hufunga kazi yake bila kuwatazama waliobaki nyuma. Katika foleni ya “kikombe”, k anaondoka, i anaondoka, k wa pili anaondoka pia kwa sababu jina lake limo, na mlinzi anasimama mbele ya o. Kinachobaki ni “ombe”. Kwa “kitabu” mlinzi huyo huyo anasimama mbele ya t, na matokeo yanafanana na tuliyoyatarajia kwa sababu tu t hayumo katika karatasi yake.

Tabia hiyo ina asili inayoeleweka vizuri. Lstrip isipopewa kitu chochote ndani ya mabano huondoa nafasi tupu zilizo mwanzoni mwa maandishi, na nafasi tupu ni za aina nyingi: nafasi ya kawaida, tabo, mwisho wa mstari. Huja zikiwa zimechanganyika, kwa idadi na mpangilio usiotabirika, kama udongo na mchanga vilivyoganda kwenye muhogo uliong’olewa sasa hivi. Anayeosha muhogo hajali kama mchanga umetangulia udongo. Huosha mpaka afike kwenye ganda. Kwa kazi hiyo, orodha ya vitu vya kuondoa ndiyo njia sahihi kabisa. Kuondoa kiambishi ni kazi nyingine, iliyo karibu zaidi na kufunua chungu: kifuniko kipo au hakipo, na kikiwapo ni kimoja. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunatumia maji ya kuoshea muhogo ili kufunua chungu.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi lugha ya mtumiaji inavyoweza kulificha kosa hili. Wengi huliona wanapotumia rstrip, ambayo hufanya kazi ile ile kutokea mwishoni, ili kuondoa “.txt” katika jina la faili. Jina la Kiingereza kama “text.txt” hubaki “te”. Lakini karibu maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, na “.txt” haina irabu hata moja, kwa hiyo “bei.txt” hubaki “bei”, na “orodha.txt” hubaki “orodha”, sawasawa kabisa. Mwenye kuyapa mafaili yake majina ya Kiswahili anaweza kuutumia msimbo huo, yaani maagizo hayo ya programu, kwa miaka bila kujua kwamba una kasoro, mpaka siku atakapoleta picha iitwayo “embe.jpeg” na kupata “emb”. Kwa sababu hiyo wingi wa malalamiko ni kipimo dhaifu cha ukubwa wa tatizo: huhesabu waliokutana na matokeo mabaya, na kuwaacha wote ambao data zao zimewalinda.

Sasa kosa la pili: kwa nini lstrip isirekebishwe tu? Kwa sababu tabia yake imeelezwa wazi katika mwongozo, na wako waandishi wa programu wanaoitegemea hivyo hivyo ilivyo, kwa mfano wanaoondoa nukta, vistari na nyota zilizochanganyika mwanzoni mwa mstari. Kuibadili kungezivunja programu zao bila wao kugusa chochote, tena kimyakimya. Njia ya katikati ilikuwapo, nayo ilikataliwa: kuiruhusu lstrip ipokee kiambishi kizima kikiwa ndani ya mabano ya ziada. Ingewezekana kiufundi, lakini kazi inayohitajika kila siku isingeonekana kwa anayesoma.

Mabadiliko makubwa ya Python hupitia hati rasmi ya pendekezo, ambayo hujulikana kwa kifupi kama PEP, na tangu mwaka 2019 uamuzi wa mwisho uko mikononi mwa baraza la watu watano wanaochaguliwa, baada ya mwanzilishi Guido van Rossum kujiuzulu uamuzi huo Julai 2018. Pendekezo lililoleta removeprefix na removesuffix ni PEP 616, lililoandikwa na Dennis Sweeney Machi 2020, chini ya udhamini wa Eric V. Smith, mmoja wa watunzaji wakuu wa lugha hiyo.

Pingamizi linalokuja haraka dhidi ya pendekezo la namna hii ni kwamba kila mtu anaweza kujiandikia kazi hiyo kwa mstari mmoja: tazama kama neno linaishia kwa kiambishi, kisha kata herufi kadhaa kutoka mwishoni kwa kadiri ya urefu wake. Mstari huo una mtego. Kiambishi kikiwa kitupu, yaani hakina herufi hata moja, Python hukubali kwamba neno linaishia kwacho. Kisha, kwa kuwa urefu wa kukata kutoka mwishoni huandikwa kwa namba hasi, huambiwa ikomee kwenye sifuri hasi, ambayo kwa kompyuta ni sifuri tu, na neno lote hufutika. Hati ile iliuona mtego huo na kuuziba waziwazi. Naona hapo ndipo thamani ya pendekezo lililoandikwa vizuri inapoonekana, kwa sababu msimbo wenyewe ulikuwa mfupi mno. Kazi kubwa ilikuwa kuamua nini kitokee katika kila hali ya pembezoni.

Iliamuliwa kwamba kiambishi kisipopatikana, neno lirudishwe lilivyo bila kosa kutangazwa, na kwamba kiondolewe mara moja tu hata kikijirudia. Jina nalo lilipimwa kwa makini. Mwanzoni lilipendekezwa neno la kukata, cutprefix. Neno strip lilikataliwa kwa hoja ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika hati hiyo: mtumiaji atafaidika akikumbuka kwamba palipo na strip pana orodha ya herufi, na pasipo na neno hilo pana kipande kizima.

Vitendakazi hivyo vilitoka katika toleo la 3.9, Oktoba 2020. Lstrip ipo vile vile ilivyokuwa, na katika Python ya leo “kikombe” bado hugeuka “ombe”. Katika mwongozo rasmi, maelezo ya lstrip sasa yanamwelekeza msomaji kwenye removeprefix, na mfano mmoja umewekwa kwa njia zote mbili: maandishi “Arthur: three!” yakiondolewa “Arthur: ” kwa lstrip hubaki “ee!”, na kwa removeprefix hubaki “three!”.